Rangi ya Kucha Katika Chumba cha Eda

Wiki iliyopita mjukuu wangu Rukia alikaa mlangoni mwa chumba changu akipaka rangi kucha zake kwa ajili ya harusi ya binamu yake. Alikaa pale kwa sababu pana mwanga. Mimi nilikuwa nimelala, nimelinyoosha goti langu bovu juu ya mto, na harufu ile ilipoingia nikajikuta nimeinuka na kukaa kitako. Ni harufu kali yenye utamu kidogo, inapanda puani kama spiriti na kubaki huko.

"Babu, inakukera? Nende ukumbini?"

Nikamwambia abaki. Akaendelea na kidole cha pete, ametoa ulimi nje kwa umakini, nami nikawa namtazama bila kumwona.

Kwa zaidi ya miaka ishirini kazi yangu ilikuwa kuwaongoza wageni kuvua kwa ndoana za manyoya. Nilianzia Kendwa, hoteli zilipokuwa chache, na nikaishia Kendwa goti liliponikatalia kusimama majini. Hapa kwetu ukitaja uvuvi watu wanafikiria nyavu, dema na mshipi wa mkono. Huu ni uvuvi mwingine. Mgeni hushika fimbo ndefu iliyo nyepesi, anaupeperusha uzi wake nyuma na mbele juu ya kichwa mpaka unyooke, kisha anautua mbali. Kwenye ncha ya uzi kuna ndoana iliyovikwa manyoya hata ikafanana na dagaa. Hakuna chambo cha kunuka wala cha kuonja. Samaki anadanganywa kwa macho tu.

Tulikuwa tukiondoka alfajiri, maji yakianza kutoka, ili jua litukute tayari tumesimama kwenye ukingo wa mwamba, maji ya magoti, tumevaa viatu vya kuzuia miba ya fuma, wale wadudu wa mwambani wachomao kama sindano. Kolekole hupita pale wakiwinda. Kazi yangu ilikuwa kuyasoma maji, kuonyesha kwa kidole, kufungua mafundo yaliyofungwa na upepo, na zaidi ya yote kuwafundisha wageni kuacha. Kuvuta kila mtu anajua. Nilisimama nyuma ya bega la mgeni nikimhesabia: vuta, vuta, acha. Unapovuta, manyoya hubanwa na maji yakalala. Unapoacha, hufunguka, na kile kidude kikaonekana kinapumua. Samaki huja hapo hapo kinapopumua. Nimewaona wanaume wazima, wenye mali zao, wakishindwa kuacha kwa muda wa kuhesabu mbili.

Kazi hiyo ilinifikisha Pemba, Mafia, na mara mbili Shelisheli. Kila nilikokwenda nilikuwa na kopo moja la bati lenye ndoana za zamani ambazo sikuzitumia, ila nilizionyesha. Wageni wenye masanduku yao ya ndoana za dukani walizishika zile zangu wakazigeuza kwenye mwanga, wakatazama kichwa chekundu, uzi wa dhahabu ubavuni, manyoya meupe yaliyolala pamoja kama yameota pale. Kisha wakauliza swali lile lile, nani alinifundisha. Nikajibu: ami yangu, ndugu yake baba, alikuwa fundi. Nililisema jibu hilo mara nyingi hata likawa halina uzito mdomoni. Lilikuwa uongo.

Nilikulia mjini, mtaa wa Malindi, katika nyumba ya bibi yangu mzaa baba. Baba alikuwa Pemba kikazi, mama yuko naye, na mimi niliachwa mjini kwa ajili ya skuli. Chini ya nyumba ile, katika chumba cha nyuma chenye dirisha la kuelekea kichochoroni, alikaa Ami Mbarouk na mkewe Bi Zuwena. Hawakuwa na mtoto. Ami alikuwa akiwapeleka Wazungu kuvua, na mmoja wao alipoondoka nchini alimwachia kopo la bati lenye ndoana za manyoya. Ami akazifungua moja moja aone zilivyofungwa. Baadaye zikaanza kutoka ndoana mpya, za manyoya ya jogoo wetu, na wavuvi wa nguru waliokuwa wakiburura mishipi nyuma ya vyombo vyao wakazijaribu, wakarudi kutaka nyengine. Barazani watu walisema, "Ndoana ya Mbarouk hairudi bure." Mimi nilikaa miguuni pake kopo likiwa mapajani mwangu, nikiona fahari kama kwamba nimezifunga mimi.

Ami alifariki kwa homa ya siku tano. Nilikuwa na umri wa miaka tisa, labda kumi. Baada ya matanga, Bi Zuwena akaingia eda katika kile chumba cha chini, amevaa nguo nyeupe, na mimi nikapewa kazi ya kumpelekea sinia la chakula na kurudisha vyombo. Bibi alinikalisha jikoni kunipa masharti.

"Unaweka, unatoka. Humwelezi habari za mjini. Mwenye eda hapaki wanja, hapaki hina, hajifukizi udi, havai nguo ya rangi. Miezi minne na siku kumi."

"Na akipaka?"

Bibi alikuwa juu ya mbuzi, anakuna nazi. Nadhani alitaka tu ninyamaze. "Akipaka, ami yako ataumia huko aliko. Haya, chukua sinia."

Nililichukua neno lile kama lilivyo. Nilimpenda Ami kuliko nilivyompenda baba, ambaye nilikuwa nimeanza kuusahau uso wake. Usiku nilimwona Ami amelala kwenye udongo, mzima kabisa isipokuwa hawezi kutoka, na akisubiri kuona kama mkewe atamuumiza au la.

Mwezi wa pili ulikuwa katikati. Mchana mmoja nilifika na sinia, nikapiga hodi, na badala ya "karibu" ya kawaida nikasikia, "Subiri kidogo, mwanangu," na kishindo cha vitu vinavyosogezwa. Nilipoingia, Bi Zuwena alikuwa kakaa mkekani, kanga imefunika kitu mapajani. Chumba kizima kilikuwa na ile harufu. Niliijua, kwa sababu niliwahi kuisikia kwa dada zake rafiki yangu siku ya Idi. Alipopokea sinia nikaona wekundu kwenye vidole vyake. Niliweka, nikatoka, kama nilivyoambiwa.

Kesho yake, wakati watu wamejilaza baada ya chakula, nilikuwa nikicheza gololi kichochoroni. Mwanamume alikuwa amesimama kwenye dirisha la Bi Zuwena, mgongo umenielekea, kofia imeinama kwenye vyuma vya dirisha. Alikuwa akicheka chini chini.

"Zile mbili za mwisho tamu kweli kweli. Hiyo rangi nyekundu usiiache."

"Njoo kesho saa hizi," ilijibu sauti ya Bi Zuwena. "Na usisimame sana hapo."

Mkono wenye nguo nyeupe ukapenya kati ya vyuma, ukampa kitu, ukarudi ndani.

Jioni nilimwambia Bibi. Sikumwambia kwa ubaya. Nilitaka Ami asiumie. Nilisema nimesikia harufu ya rangi ya kucha, nimeona wekundu, na kuna mwanamume dirishani. Bibi aliacha kuchambua mchele.

"Rudia."

Nikarudia.

"Mwanamume gani?"

"Sikumwona uso."

Mkono wake ulikuwa bado ndani ya ungo. Tangu Ami alipomleta yule mke kutoka Makunduchi, Bibi alikuwa akimwita "mtu wa shamba" hata mbele za wageni, na sasa nilimwona usoni kama mtu aliyepata kitu alichokuwa akikitafuta. Wakati ule sikuweza kulisema hivyo. Niliona tu kwamba hakukasirika, na hilo likanishangaza. "Usimwambie mtu," akasema. "Mpaka Ijumaa."

Siku mbili nilipeleka sinia bila kuinua macho. Siku ya tatu nilimwaga mchuzi kizingitini, na Bi Zuwena akanishika mkono.

"We Salim, una nini? Siku hizi hunitazami."

"Unamuumiza Ami."

"Nani kakwambia?"

"Ukipaka rangi anaumia."

Alinitazama, kisha akacheka. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu msiba, akakizuia haraka kwa ncha ya kanga, akatazama dirishani kama kuna mtu atakayemsikia. "Funga mlango," akasema. "Njoo."

Akaifunua kanga. Palikuwa na kopo la Ami, koleo dogo lililobana ndoana, donge la nta ya nyuki, kishada cha manyoya meupe, nyuzi za dhahabu alizozifumua kwenye pindo la vazi lake la harusi, na chupa ndogo ya rangi ya kucha. Alinyoosha mikono yote miwili mbele ya macho yangu.

"Tazama kucha. Zina nini?"

"Hazina kitu."

"Basi tazama hapa." Akaigeuza. Wekundu ulikuwa kwenye nyama ya kidole gumba na cha shahada, upande wa ndani. "Ndoana ni ndogo, mwanangu. Nikiishika kuipaka kichwa, rangi inanipata hapa. Bila rangi uzi unaoza majini, manyoya yanachomoka samaki wa kwanza tu. Chupa hii nilipewa siku nilipoolewa, na kucha zangu hazijawahi kuijua."

Nikamwambia kwamba kufunga ni kazi ya Ami.

"Ami yako mikono ilianza kumtetemeka kabla hujaletwa nyumba hii. Alikuwa fundi wa kuvua, na alikuwa mkweli kwangu humu ndani. Lakini kila ndoana uliyoisikia ikisifiwa barazani niliifunga mimi."

Akanieleza na mengine, kwa sauti ya chini, akiwa anaendelea kuzungusha uzi. Mwanamume wa dirishani ni Nahodha Kombo, rafiki yake Ami, ambaye anawaambia wavuvi wenziwe kwamba hizi ni ndoana za marehemu zilizobaki. Wakijua zimefungwa na mwanamke aliye eda watazitupa baharini, watasema zina mkosi. Na yeye hataki zitupwe. Eda ikisha, anataka abaki katika chumba hiki na kazi yake hii, ajitegemee. Kwao Makunduchi kaka yake alikuwa ameshaanza kumtafutia mume. "Ukinisikia nimerudi huko," akasema, "ujue nimekwisha."

Pale ndipo nilipopaswa kusema kwamba nshamwambia Bibi. Maneno yalikuwa mdomoni. Lakini alikuwa ameweka ndoana mkononi mwangu na kuniambia nishike uzi ukaze, usilegee, na nilikuwa sijawahi kushikishwa kitu kile na mtu yeyote, hata Ami. Nikaona nitasema kesho.

Zilikuwa siku nne, nami nazikumbuka kuliko miaka mingi iliyofuata. Alinifundisha kuchagua manyoya ya shingo ya jogoo, yale membamba yasiyokatika ukiyakunja, na kuyalinganisha ncha kwa ncha juu ya ulimi. Alinifundisha kupitisha uzi kwenye nta mpaka ulie. Alinifundisha kumalizia fundo kwa kulibana na ukucha wa kidole gumba mara mbili, kuvuta kwa meno, kubana tena. Halafu alijaza maji beseni la kufulia, akafunga ndoana kwenye uzi na kuipitisha ndani yake.

"Tazama ninavyovuta. Inakimbia, sivyo? Sasa naacha."

Manyoya yakafunguka taratibu.

"Inapumua," nikasema.

"Hapo ndipo anapokuja. Ami yako alikuwa akigombana na wageni wake kwa hili. Wakivuta tu, samaki anawafuata mpaka chomboni, anawatazama, anarudi zake. Haya, wewe. Vuta, vuta... acha. Acha, nimesema! Una haraka ya wapi?"

Alhamisi nilipochukua vyombo alinipa lile kopo, vitu vyote vimo ndani, amelifunga kwa kitambaa. Alikuwa amesikia Bibi akisema chumba kitafagiliwa na kupekuliwa pembe zote. "Nihifadhie mpaka kesho jioni. Usilifungue mbele za watu." Nililiweka chini ya kitanda changu, nyuma ya viatu, na usiku nikalivuta nikalala nalo mikononi.

Ijumaa baada ya sala, Bibi aliwaita watu sebuleni: wifi yake, jirani mmoja mtu mzima, na Maalim Shaaban, aliyekuwa akitusomesha Kurani chuoni. Nataka nimtendee haki Maalim. Chuoni alikuwa mkali, lakini siku ile alikuwa na sauti ya upole, na jambo la kwanza alilolisema ni kwamba mwenye eda asifedheheshwe. Bi Zuwena akaletwa na kukalishwa karibu na mlango. Alinitazama kidogo, kama anayeuliza kuna nini. Alikuwa hajui.

Bibi alisema yote. Harufu, wekundu, mwanamume dirishani. "Na aliyeona ni mtoto huyu, hana sababu ya kusema uongo."

Kwa kadiri ninavyokumbuka, Bi Zuwena hakushtuka kwa maneno ya Bibi. Alishtuka kwa hilo la mwisho. Aligeuza uso akanitazama vizuri, na mimi nikatazama mkeka.

"Toa mikono," Bibi akamwambia.

Akaitoa. Kucha zake zilikuwa safi, nyeupe, zimekatwa fupi. Wekundu ulikuwepo kwenye nyama ya vidole viwili. Mimi niliona. Kila aliyekuwemo aliona.

"Kazikwangua," akasema Bibi. "Rangi hii hapa inamshuhudia."

"Ni rangi ya kazi," Bi Zuwena akasema.

"Kazi? Mwenye eda ana kazi gani ya rangi nyekundu?"

Alivikunja vidole vyake. Sasa najua alikuwa akipima nini: kama akilisema la ndoana, ndoana zimekwisha, na Nahodha Kombo ataitwa mwongo na wenziwe. Kisha naona akakata shauri. "Nafunga ndoana. Zile za marehemu nilizifunga mimi, na bado nazifunga. Nahodha anazichukua dirishani."

Wifi yake Bibi akaguna. "Makubwa! Mwanamke anafunga ndoana. Na mimi nafunga nanga."

"Chumba kimefagiliwa jana," Bibi akasema. "Sikuona ndoana hata moja."

"Salim analo kopo," Bi Zuwena akasema. "Muulizeni. Nimemfundisha kwa mikono yangu. Anajua hata kulimaliza fundo."

Maalim aliniita nikae mbele yake. Aliweka mkono begani kwangu. "Usiogope, Salim. Sema ukijuacho. Anayoyasema Bi Zuwena unayajua?"

Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba niliitunza siri, kwa sababu aliniambia nisilifungue kopo mbele za watu. Sivyo. Siri alikuwa ameshaifungua mwenyewe, mbele yangu, na kunikabidhi. Nilikuwa nawaza mambo mawili. La kwanza, kwamba kopo likitoka chini ya kitanda, Bibi ataniuliza kwa nini nilimletea habari ya kucha, nami nitakuwa mwongo mbele ya Maalim. La pili ni dogo na ni baya zaidi. Nilikuwa nimelala na kopo lile usiku mmoja, na sikutaka kulirudisha.

"Sijui," nikasema.

Maalim akauliza mara ya pili. Nikasema tena, "Sijui."

Hakuna aliyempigia kelele. Maalim alisema eda ya mwanamke ni katika nyumba ya mumewe na ingefaa aachwe amalize. Bibi akajibu kwamba basi yeye hatakula tena chakula chini ya dari moja na mtu yule, na wakubwa wakaanza kubembelezana kwa lugha ile ya wakubwa ambayo mtoto anajua mwisho wake kabla haujafika. Kesho yake baada ya alasiri kaka yake Bi Zuwena akaja kumchukua. Zilikuwa zimebaki siku sabini na kitu.

Nilikuwa nimekaa ngazini. Alitoka na buibui lake na bunda moja, akasimama mbele yangu kuvaa viatu. Nilingojea anitukane. Nilitaka anitukane.

"Usiliweke penye unyevunyevu," akasema. "Manyoya yataoza."

Akatoka. Angeweza kumwambia kaka yake apande juu akatazame chini ya kitanda. Hakumwambia.

Nahodha Kombo hakusema kitu. Alikuwa na mabaharia wake wa kuwafikiria. Ndoana zilipomalizika watu wa barazani walisema, "Mbarouk kafa na ufundi wake," nami nilipita na vitabu vyangu vya skuli nikawasikia.

Nilisoma mpaka sekondari, nikafanya kazi za ofisini, nikaziacha, nikaishia kwenye maji ya Kendwa na fimbo za wageni. Nilikwisha kuwa na jina katika kazi hiyo nilipompeleka mgeni mmoja msitu wa Jozani kuwatazama kima punju, kisha tukateremka kusini kutafuta sehemu mpya za kuvua. Tulifika Makunduchi maji yamekupwa. Wanawake walikuwa wameinama kwenye mashamba ya mwani, wakifunga vipande kwenye kamba. Mmoja wao, mtu mzima, alilimaliza kila fundo kwa kulibana na ukucha wa kidole gumba, kuvuta kwa meno, na kubana tena. Nilisimama. Kisha nikamwendea, maji yakinifika vifundoni.

"Shikamoo, Bi Zuwena."

"Marahaba." Alikinga jua kwa mkono. "Nani mwenzangu?"

"Salim. Wa Malindi."

Akafunga kipande kimoja cha mwani, akafunga cha pili. "Umekuwa mtu mzima. Bibi yako yu mzima?"

"Alikufa zamani."

"Mungu amrehemu." Akasogea hatua moja kando ya kamba. "Na kopo?"

"Ninalo."

"Manyoya hayakuoza?"

"Hayakuoza."

"Alhamdulillahi," akasema, na akaendelea na kazi, kwa sababu maji yalikuwa karibu kurudi.

Ningeweza kusema pale. Nilikuwa na neno moja tu la kusema na hakukuwa na mtu wa kuniadhibu. Mgeni akaniita kutoka ufukweni. Nilipomfikia aliniuliza yule mama ni nani, nikamwambia ni jirani wa zamani. Njiani nilijiwekea ahadi kwamba nitarudi siku nyengine na kopo, nimwekee mkononi, niseme mbele ya watu wake. Miaka ikapita nikiwa na safari na wageni. Habari za kufa kwake nilizisikia sokoni Darajani, kwa mtu wa Makunduchi aliyekuwa akiuza pweza, akizitaja katikati ya habari nyengine.

Basi wiki iliyopita nilimwomba Rukia ile chupa. Akadhani natania. Nikalivuta kopo kutoka chini ya kitanda, nikatafuta ndoana tupu, uzi na manyoya mawili, nikafunga. Ilinichukua muda mrefu, kwa kuwa mikono inatetemeka sasa kama ilivyotetemeka ya Ami. Kupaka kichwa sikuweza. Rukia akaichukua ndoana kati ya kidole gumba na cha shahada, akapaka yeye, mara tatu, akipuliza kila mara ikauke.

"Babu, nani alikufundisha hivi?"

"Mke wa ami yangu," nikasema. "Bi Zuwena. Alikuwa eda wakati huo."

"Eda na rangi ya kucha? Wakamwachia?"

"Hawakumwachia. Walimweka mbele ya watu, akasema niulizwe mimi ndiye ninayejua."

"Ukasemaje?"

"Nilisema sijui."

Rukia aliiweka ndoana juu ya kifuniko cha kopo, akakaza chupa, akaigeuza mikono yake. Kucha alizozipamba kwa harusi ziling'aa. Kwenye nyama ya vidole viwili, upande wa ndani, palikuwa na wekundu mwingine. Akausugua kwa kanga, haukutoka. Akaitazama kucha, akaitazama nyama ya kidole, akarudi kuitazama kucha.

"Lakini Babu," akasema, "si ingeonekana tu?"

"Ilionekana," nikamwambia.